Boriti Haikugawiwa

Kwa Kaka yangu mpendwa na mheshimiwa,

Pokea salamu zangu nyingi, zilizojaa heshima na mapenzi ya ndugu wa tumbo moja. Natumaini wewe, Shemeji na watoto mu wazima, na kwamba kile kikohozi chako kimepata dawa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Moyo ndio ambao bado haujarudi mahali pake. Makusudi ya waraka huu ni mawili: kukujulisha yaliyotokea Jumanne katika nyumba aliyotuachia marehemu Baba, na kuomba uamuzi wako kabla ya Jumamosi.

Unakumbuka tulivyogawana. Wewe ulipata upande wa nyuma, ambao ni mfupi, pamoja na kile chumba cha matofali cha juu anacholala Mama. Mimi na Dada tulipata upande wa mbele, ambao ni mrefu: chini ofisi yangu ya kuwaandikia watu maombi, juu ukumbi wake wa kufundishia ushonaji. Mpaka wetu ni ile nguzo ya kati. Nami ndiye niliyeandika, kwa maneno niliyoyachagua kwa uangalifu, kwamba asiingie mtu katika sehemu ya mwenzake bila idhini.

Basi fundi wako, yule tunayemwita Pima Jicho, alifika na ujumbe wako kwamba chumba cha juu kibomolewe, matofali yapelekwe kwenye kiwanja chako. Sikupinga, mali ni yako. Mama alihamia ofisini kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja na kumkosoa kila aliyeingia. Pima Jicho aliondoa paa, akashusha kuta hadi usawa wa magoti. Nilipomuuliza kama kuna hatari, alinicheka, akasema mzee wa kalamu nikae na kalamu yangu, nyumba ikipunguzwa mzigo inapumua.

Jumanne asubuhi, wanafunzi wa Dada wakiwa kwenye cherehani, palisikika mlio kama ubao mkavu unaovunjwa gotini. Mlango wa ukumbi ukagoma kufunguka. Wasichana walisukuma kwa mabega, Dada akapiga kelele niende. Pima Jicho akasema ni unyevu tu, mbao zimevimba. Unyevu, Kaka, katika kiangazi hiki!

Nilizunguka nyuma kutafuta ulikotoka ule mlio. Kati ya ncha ya boriti ya zege inayobeba sakafu ya juu na ukuta wako inapolala, niliona mwanga wa jua. Nikachomeka rula yangu, ikapita yote. Boriti haikuwa imekalia kitu, ilikuwa imenyanyuka. Zege, Kaka! Nilisimama nikiitazama rula kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Kwa bahati, miongoni mwa waliofungiwa juu alikuwamo mhandisi wa majengo, mteja wa Dada, aliyekuja kujaribu gauni. Aliwaamuru wote watembee kandokando ya ukuta, wasikanyage katikati, akaung'oa mlango bawabani kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Alishuka akiwa na pini mkononi mwa gauni, akaomba rula yangu.

Aliilaza juu ya vitu vitatu mezani: kifutio nyuma, kibiriti mahali pa nguzo ya kati, kifutio kingine mbele. Alipobonyeza upande mrefu kwa kidole, ncha ya upande mfupi iliruka juu. Akaniambia boriti yetu ni moja tangu mbele hadi nyuma, haijui mirathi. Ukumbi wa Dada unaibonyeza upande mrefu, nguzo ya kati inabeba mzigo mkubwa kuliko kuta zote mbili, na ncha yako inataka kupaa. Kilichokuwa kinaikalisha ni uzito wa chumba cha Mama. Kilipopungua, upande mrefu ukalegea na kubana mlango, na juu ya nguzo, chini ya sakafu, zege likapasuka kwa kuvutwa.

Mama aliposikia akasema, kumbe miaka yote mnaniambia nimenenepa, na mimi ndiye nimeishika nyumba. Sote tulicheka, hata mhandisi. Kisha tukatoka kutafuta miti.

Hapa nakiri, Kaka: nimevunja mkataba niliouandika mwenyewe. Bila idhini yako niliingia katika sehemu yako. Tuliegemeza miti chini ya upande mrefu, kisha mimi, Dada na wanafunzi wake tukapokezana matofali yako na kuyarudisha juu, hadi rula ikakataa kuingia. Ufa wa juu ya nguzo umebaki.

Lakini lililoniondolea usingizi ni jingine. Pima Jicho, alipoona matofali yanarudi, alisema kwa hasira kwamba tunajisumbua bure, kwani Jumamosi anakuja na mashine ya kukatia zege. Akasema ni agizo lako mwenyewe: boriti ikatwe pale mpakani, juu ya nguzo, ili kila mtu awe na chake na asimtegemee mwenzake. Mhandisi alimwomba arudie. Aliporudia, mhandisi aliketi. Akasema nondo za chuma zinazouzuia upande wetu usikunjike zinapita hapohapo; zikikatwa, ukumbi wa Dada utashuka juu ya ofisi yangu, pamoja na yeyote atakayekuwamo.

Sijamweleza Mama kwamba agizo hilo ni lako. Nafsi yangu inakataa kuamini kwamba ulilitoa ukijua. Anakusalimu sana, na Dada vilevile, ingawa salamu zake nimezipunguza makali.

Pima Jicho hasikilizi neno langu. Anasema anamjua aliyemtuma. Mhandisi yuko tayari kusimamia chumba kijengwe upya, nami nitakutafutia matofali mengine ya kiwanja chako.

Kwa unyenyekevu naomba uamuzi wako, wa maneno mawili tu, umfikie fundi kabla ya Jumamosi: boriti ikatwe, au isikatwe?

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mwandishi wa maombi.