Wifi Aliyenifuata Hadi Mlangoni

Kolwezi, Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, vumbi jekundu limelala, na mimi nina furaha mbaya.

Nina miezi mitatu ya ndoa. Mume wangu (bado napenda kuliandika neno hili, mume wangu) hupiga honi ya pikipiki mara mbili akikaribia nyumbani, kama wakati wa uchumba, na moyo wangu bado unaruka. Lakini leo siandiki mapenzi.

Leo naandika kisasi.

Wiki iliyopita nilienda kupimwa kwa daktari wa wanawake. Siumwi. Nilienda kwa sababu mama yangu hakwenda. Aliosha mawe ya madini miaka mingi, maji mpaka kiunoni, na damu ilipoanza kumtoka nje ya siku zake alisema, "Ni maji ya mawe tu." Wenzake wote wakakubali. Tulipomfikisha hospitalini, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Niliapa mbele ya jeneza kwamba mimi haitanivizia.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Muuguzi anapaka siki kule ndani, anasubiri kidogo, anaangalia kama kuna doa jeupe. Kwangu hapakuwa na kitu. Nilitoka nikitabasamu, na pale mlangoni nikakutana uso kwa uso na wifi yangu, Yaya Mado, dada mkubwa wa mume wangu, akipita na beseni lake kichwani.

Jioni ukoo mzima ulijua.

"Muke wa miezi tatu anatafuta nini kule?" alimwambia mama mkwe. "Kuko kitu anaficha."

"Mama, mi ndio nilimupeleka na moto," mume wangu alijibu, akionyesha pikipiki yake. Nilimpenda upya. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akilitazama tumbo langu kama sufuria iliyotoboka.

Nililia. Kisha nikakumbuka. Wiki ya harusi, akinisuka nywele, Mado aliniambia siri. Yeye pia anaosha mawe, na damu inamtoka hata mwezi wake haujafika. Alicheka: "Ni maji ya mawe tu."

Kumbe nilikuwa na silaha mdomoni.

Jumapili, bukari, ugali wetu, ikiwa mezani na wote wamekaa, ulimi uliniwasha. Nilimfuata Mado jikoni.

"Yaya, Jumanne unapanda moto pamoja nami, ama sasa hivi naeleza mama ile damu yako."

"Weye uko mubaya."

"Ndiyo, Yaya."

Leo alinitukana njia nzima akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, katikati ya mvua, mimi nikiwa nimemshika mume wangu kiunoni kwa raha. Aliingia amenuna. Siki ikapakwa. Doa jeupe likatokea, dogo. Wakalichoma palepale, na muuguzi akasema tumewahi, ila arudi kuangaliwa.

Alitoka bila kunitazama. Hakunishukuru, wala sikumngoja anishukuru. (Hapa nimembadilishia jina. Ulimi wangu si kama wake.)

Ugonjwa uliomla mama yangu leo umelala na njaa. Na wifi yangu ataishi miaka mingi akinichukia.

Anichukie tu. Karatasi yake ya kurudi ninayo mimi, na siku ikifika, honi italia mara mbili mlangoni kwake.