Jina la Mbwa

Newala, Jumanne

Na kumbe jina ndilo lililokuwa likinikwamisha. Mwenyewe wa kwanza alihama akamwacha mbwa huyu amefungwa kwenye mkorosho kule Chiungutwa, mbavu zote nje, mimi nikamfungua nikaja naye. Alimwita Mtachoka, ili majirani zake wapate ujumbe. Sasa mbwa haitiki jina jingine. Nimejaribu Simba, nimejaribu Popi, anatazama pembeni tu.

Mwenye nyumba wangu hataki mbwa, kwa hiyo nimezunguka mtaa nikitafuta mtu wa kumfuga, hata kwa muda, mpaka anenepe. Wote wanamhurumia mpaka wasikie jina. Mama Zuhura aliniambia wazi, "Mwalimu, nikisimama uani niite Mtachoka, jirani si atajua namsema yeye?"

Leo nikajikaza, nikaenda kwa Mama Salumu hapa jirani. Hatusalimiani tangu mbuzi wake walipomaliza kisamvu changu.

"Anaitwaje?"

Nikamwambia. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu ile siku ya mbuzi.

"Mlete."

Nilifurahi mno, sikuwaza mbali. Ningewaza kidogo tu...

Tangu magharibi amesimama uani kwake, uso kwangu, anaita, "Mtachoka. Mtachoka." Sauti kama ya mtu anayesoma risala. Nikaingiwa na hofu kwamba mbwa ametoroka, maana akirudi hapa nitafukuzwa naye. Nikachungulia dirishani.

Mbwa kashiba ugali na mchuzi wa dagaa, kalala miguuni pake.

Bado anamwita.