Shimo Nililolitilia Sahihi

Kambi ya mapokezi,
Kando ya ziwa, Kigoma

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Rehema,

Natumaini barua hii inawakuta wewe na watoto mkiwa wazima, na kifua cha yule mdogo kimepona. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Kwanza kabisa, msije. Tiketi za treni zirudishe stesheni leo hii.

Unakumbuka nilivyofaulu mtihani wa leseni ya usimamizi wa taka, ukapika pilau utadhani nimepata ubunge? Leseni yenyewe ilikuwa ya majaribio. Ili iwe kamili, mkuu wa kambi alipaswa kuthibitisha kwamba kazi naiweza. Hapo ndipo aliponishika. Wakimbizi wanashushwa na maboti kila siku, vyoo vimejaa, na shimo la taka halitumiki mpaka mwenye leseni alipime na kutia sahihi. Yeye alitaka shimo upesi, kwenye mchanga wa ufukweni, kwa sababu huko juu ni mwamba mtupu.

Nikapima. Ilikuwa kiangazi, ziwa limerudi nyuma, nami nikavuta utepe kuanzia maji yalipokuwa siku ile. Kanuni inasema shimo liwe mbali na maji, na tupime kuanzia yanapofika masika. Swali hilo lilikuwemo kwenye mtihani, mke wangu, na nililipata! Mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa akianika dagaa aliniambia, "Mwanangu, masika hapo ni ziwani." Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwenye leseni. Naona aibu hata kuandika. Nilitia sahihi, na wiki ileile mkuu akanithibitisha.

Sasa mvua hazikatiki. Juzi mchimbaji wangu, Mama Bahati, mkimbizi kutoka Uvira, alinijia mbio akiniita kama wanavyomwita bosi kwao.

"Shefu, mu shimo muko maji. Inatoka chini!"

Nilikuta maji yakipanda taratibu, bandeji za zahanati zikielea juu yake. Hatua chache chini, kina mama walikuwa wakichota maji ya kunywa ziwani. Niliwakataza, wakaniuliza wachote wapi.

Jana hema la wagonjwa lilijaa watoto wanaohara. Leo asubuhi nimemkuta humo Mama Bahati na mwanawe, wote wamelala hoi. Aliniuliza kama shimo nimelifunga. Mkuu anasema ni mvua tu, ninyamaze.

Sinyamazi. Kesho naenda Mwanga, pale mjini Kigoma, kwa mkaguzi wa taka, na maelezo nimeyaandika kwa mkono wangu: kipimo kilikuwa cha uongo, na aliyepima ni mimi.

Mfikishie baba mkwe shikamoo yangu. Dada yangu, fundi cherehani, mwambie asishone tena nguo za safari. Rehema mbusu, lakini usimwambie bado kwamba hamji.

Leseni watanipokonya, najua. Namwomba Mungu iwe hiyo tu itakayoondoka wiki hii.

Mumeo,
Baba Rehema