Papa, Risasi Zako Zilikuwa Zinakwenda Kando

Papa,

Wanasema hukukosa shabaha hata siku moja. Tangu tukuzike umekuwa mwindaji. Mdogo wako Floribert alishika maikrofoni kwenye matanga, katika ile salle, ukumbi wa nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre, akawaambia watu waliokuja kula samaki kwamba wazungu wa klabu ya shabaha walikuwa wanakuja kujifunza kwako kulenga. Akasema bunduki yako ilikuwa na macho. Watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la pilipili mkononi. Niliona aibu kwa niaba yako, kisha nikapata hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Nakuandikia wewe kwa sababu huku sina wa kuzungumza naye juu ya jambo hili. Wote wanakupenda mno sasa. Hata wale ambao ulikuwa ukiwaona Matonge, mtaa wetu Wakongo huku kwa wazungu, unavuka barabara kuwakwepa.

Bon. Sisi wawili tunajua. Bunduki ile ilikuwa takataka. Ulipewa na mjane wa jirani yetu wa Berchem-Sainte-Agathe. Mumewe aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliileta kutoka vita gani sijui, akaiacha miaka mingi kwenye pishi linaloingia maji. Ulihangaika na karatasi za ruhusa kama mtu anayeleta mke kutoka kwetu Likasi. Zilipotoka ukanipeleka dirishani, ukafungua bunduki nyuma, ukaniambia nichungulie ndani ya mtutu. Mifereji ile inayotakiwa kuizungusha risasi ilikuwa imeliwa na kutu, vishimo kila mahali. Nilikuwa mwanamke mzima, muuguzi, nimeshaona makoo ya wavuta sigara wa nchi hii. Nikakwambia, Papa, huyu ni mgonjwa. Ukakasirika mpaka jioni.

Risasi za dukani hukuzitaka. Wewe ulikuwa fundi wa mabomba, na nyumba za Saint-Gilles zilikuwa zimejaa mabomba ya kale ya plomb, madini ya risasi, ambayo wenye nyumba walikuomba uyang'oe. Ukasema Mungu hakukupa plomb yote ile uitupe. Jumamosi asubuhi tulikuwa tunaiyeyusha uani, juu ya jiko la gesi, mimi nikisimama upande ulioniamuru, ambako upepo unatoka, na wewe ukitupia kipande cha mshumaa kwenye sufuria ili uchafu upande juu. Halafu unachota kwa kijiko, unamimina kwenye kalibu, unagonga, risasi inaanguka juu ya taulo kuukuu, inang'aa. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Ningependa kuishia hapo.

Lakini ulitaka ziwe ngumu. Ulipata mahali fulani herufi za zamani za mtambo wa uchapishaji, za madini magumu, ukazichanganya na plomb, na tulikuwa tunaona A na R zikielea kidogo kabla hazijayeyuka. Ulisema risasi ngumu itashinda kutu. Ukaongeza baruti ili iende haraka. Kule chini ya ardhi kwenye klabu, mita cinquante, hamsini tu, ukapiga. Tukavuta karatasi ya shabaha. Tundu moja kule, jingine huku, mengine hayakufika kwenye karatasi kabisa. Na yale yaliyofika hayakuwa ya duara, yalikuwa marefu, kwa sababu risasi zako zilifika zimelala ubavu. Nyumbani ulikaa kukwangua plomb iliyoganda ndani ya mtutu kwa nyuzi za shaba za kusugulia masufuria ya Mama, na ulikuwa huongei na mtu.

Unamkumbuka Hubert. Mzee yule wa klabu mwenye meno ya njano, aliyekuwa anasema « chez vous », kule kwenu, kila sentensi ya pili, kama vile wewe ndiye uliyemletea joto la ikweta. Siku moja alichukua kipande cha plomb laini, akakisukuma ndani ya mtutu wako kwa fimbo mpaka kikatoka upande wa pili, akakipima. Akasema risasi zako ni nyembamba kuliko mtutu, moto unapita pembeni yake. Na ni ngumu mno, hazijazi vile vishimo. Akasema tumia kalibu nene zaidi, plomb laini, baruti kidogo, uipake nta ya nyuki na mafuta, uiache iende polepole. Alisema vizuri, na alisema kwa dharau, akinitazama mimi badala ya wewe, kana kwamba mimi ni mkalimani.

Ukamshukuru kwa heshima yote. Kwenye gari ukaniambia maneno ambayo bado nayasikia kwa sauti yako ya Likasi: « Plomb laini, ile ni bukari. Bunduki haikulake bukari. » Bunduki haili ugali, ndivyo ulivyosema.

Alikuwa na haki, Papa, alisema kweli. Alikuwa mchafu wa mdomo na alikuwa na haki. Wewe ulishika lile la kwanza ukakataa kulisikia la pili, na ukaendelea miaka kusubu risasi ngumu zilizokwenda kando, mpaka moyo wako uliposimama kwenye ngazi za nyumba ya watu Saint-Gilles, na bomba begani.

Sasa nikwambie yaliyotokea baadaye.

Kwanza walikuja kuidai bunduki. Tonton Floribert aliitaka aitundike juu ya canapé yake, pale wageni wanapokaa, ili iwe mwanzo wa mazungumzo. Hana ruhusa ya kushika hata bunduki ya maji. Halafu rais wa klabu akanipigia simu, sauti imelainika, akasema wangependa kuing'oa sindano ya kufyatulia, isipige tena, na kuitundika ukutani kwenye bar yao, na kibao cha shaba chini yake: « Notre ami du Congo », rafiki yetu wa Congo. Miaka yote ile kwenye bar hiyo hakuna aliyewahi kukusogezea kiti. Walikuuliza kama umeua tembo. Wewe, mtoto wa mji wa viwanda, uliyemwona tembo mara ya kwanza kwenye zoo ya Antwerpen. Nikawaambia wote wawili hapana. Nilikuwa na licence yangu ya kupiga tangu ulipoanza kunivuta kule, na karatasi za urithi nilizifuatilia mwenyewe. Siku hizi askari wanasimama kwenye stesheni ya Gare du Midi na bunduki zao vifuani, na mwanamke mweusi mwenye sanduku refu anatazamwa. Nabeba kwenye buti ya gari, imefungwa kufuli, na napita barabara za nyuma.

Rais hakukubali kushindwa hivyo. Akatangaza asubuhi ya kupiga shabaha kwa kumbukumbu yako. Nilitaka kukataa. Nikaenda kwa sababu Hubert aliniachia ujumbe kwamba ana kalibu nene, yenye kipimo sahihi, na kama sina kiburi cha baba yangu nije kuichukua. Niliichukua. Sikumwambia asante kwa furaha, lakini nilimwambia asante. Nikasubu uani kwako peke yangu, plomb ya mabomba matupu, bila herufi. Ilikuwa laini, ukucha wangu uliacha alama.

Floribert alifika amevaa koti la mwindaji la rangi ya majani, jipya, mikunjo ya dukani bado iko mgongoni. Walimruhusu kupiga kama mgeni, msimamizi amesimama nyuma yake. Akataka zile risasi zako, zile ngumu zilizobaki kwenye kopo la kahawa, kwa sababu, alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote, ndizo zenye mkono wa marehemu. Nikampa. Papa, nilimpa nikijua.

Alipiga zote. Karatasi iliporudi ilikuwa na matundu machache marefu pembeni, kama mtu aliyechoma kwa kisu akikimbia. Katikati palikuwa safi kama siku ilipochapwa. Floribert akaitazama, akasema ni upepo. Tulikuwa chini ya ardhi, kuta za saruji pande zote. Rais akatikisa kichwa kwa huruma akasema ndiyo, wakati mwingine mitambo ya hewa. Hivi ndivyo watu wazima wanavyoheshimu maiti huku. Wanasema uongo kwa zamu.

Nikakwangua mtutu mpaka ukawa safi, nikaupitisha kitambaa. Hakuna aliyenisaidia, na sikutaka. Kisha nikakaa, nikaweka zile zangu za bukari. Zilitoka polepole, bega langu halikuumia hata kidogo. Karatasi iliporudi, matundu yote yalikuwa ya duara, yamekaa pamoja mahali ambapo kiganja changu kingeyafunika. Hayakuwa katikati kabisa, yalikuwa chini kidogo na kushoto. Kwa bunduki ile iliyooza ilikuwa ajabu, nilidhani nitalia. Sikulia. Nilikutafuta nyuma yangu ili nione utakavyokasirika.

Hubert akasema « voilà », ndivyo hivyo, akaenda kunywa bia yake. Yeye peke yake hakuongeza kitu.

Sasa sikia ndugu yako alichofanya. Aliichukua karatasi yangu kutoka mezani, akaipiga picha kwa simu, akaituma Likasi na Lubumbashi na kila mahali ambako tuna damu. Akaandika chini kwamba hizi ni risasi za marehemu kaka yake, zilizosubiwa kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba zimeongea baada ya kifo chake. Shangazi zangu walilia kwenye simu. Mchungaji wa Likasi aliitumia kwenye mahubiri. Mimi nilipiga risasi, Papa, na wewe ukapewa sifa, na aliyepokea pongezi ni Floribert.

Picha ikamfikia Mama. Nilikuwa kwake Jumapili, tunachambua sombe, majani ya muhogo, akaweka simu mbele yangu. Akaniuliza bila kuniangalia: « Niambie ukweli. Ni yeye? »

Nilifikiria Floribert na koti lake, rais na kibao chake, wale wote walioitika amina. Ningeweza kuwa mmoja wao. Ilikuwa rahisi, na ni mjane, na macho yake yalikuwa bado yamevimba. Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni mimi, na risasi za Papa zilikuwa zinakwenda kando tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu hakutaka kumsikia mtu.

Mama aliendelea kuchambua majani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Hajacheka tangu mazishi. Akapangusa macho kwa kiwiko, akasema: « Nilijua. Muntu mwenye kupiga muzuri hawezi kurudia ku nyumba na kunyamaza vile. »

Alijua miaka yote, Papa. Alikuwa anakupikia bukari na samaki Jumamosi mchana kwa sababu alijua umeshindwa tena, na hakukwambia neno. Tulikaa pale tukikusema mpaka sombe ikaiva: kiburi chako, nyuzi zake za kusugulia masufuria zilizopotea, ulivyokuwa ukimwambia kila wiki kwamba mtutu sasa unaanza kuzoea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe kwamba nilikuona umeingia chumbani jinsi ulivyokuwa, mfupi, mbishi, vidole vyeusi kwa plomb. Yule mwindaji wa Floribert simjui. Wamzike wao.

Basi, Papa, nakuacha upumzike. Bunduki yako haitatundikwa juu ya canapé ya mtu wala kwenye bar ya mtu. Mama ameomba nimpeleke klabu Jumamosi ijayo. Anasema anataka kujua ni kitu gani kilichokuwa kinamnyang'anya mume kila wiki. Nitamkalisha, nitamwonyesha pa kuweka bega, nitampa risasi laini. Na nakuahidi hili: akikosa, nitamwambia amekosa.

Mwanao,
Béa