Umevunjwa, Umevunjika

Jumatatu, 5 Machi 1956

Niliuvunja mimi. Sijamwambia mtu.

Jana asubuhi nilikuwa nawavisha watoto baada ya kuogeshwa. Wa Nekesa, kitanda cha sita, alikuwa na siku mbili. Sikuvuta. Nilipitisha mkono wake kwenye fulana kama nilivyofanya kwa wanne kabla yake. Ukalia kama kijiti kikavu. Akapiga ukelele. Nikamrudisha kando ya mama yake, aliyekuwa amefumba macho, nikaenda zangu kukunja nepi.

Leo Sista ameuona umevimba. Tangu nimalize shule Desemba mimi ndiye karani wa wodi hii ya wazazi, na asubuhi husaidia kuvisha watoto, kwa hiyo niliambiwa niandike. Nikaandika: mkono umevunjwa. Ingekuwa ajali ya mtu mwingine ningeandika umevunjika. Lakini nilijua.

Jumanne, 6 Machi

Sista ni Mzungu, Kiswahili chetu anakisoma kwa kamusi. Ameuliza umevunjwa na nani. Hakuniuliza mimi. Amemuuliza Nekesa, kwa kuwa mtoto analala naye.

"Sijui, Sista."

Mtoto amehamishiwa chumba cha peke yake. Nekesa haruhusiwi kumshika. Anakamua maziwa kwenye kikombe, mimi napeleka. Ananishukuru kila mara.

Mimi ni mwoga. Sina neno lingine.

Alhamisi, 8 Machi

Daktari anasema kuna ugonjwa wa mifupa kuvunjika kwa kuguswa tu, aliousoma chuoni, hajawahi kuuona kwa macho. Humpata mtoto mmoja katika maelfu. Hataki kubahatisha. Ameniagiza nipekue madaftari yote ya wodi, nione kama kuna mwingine aliyezaliwa na mifupa ya namna hiyo.

Akina mama wananicheka. "Karani, unatafuta bwana humo?" Nimeona haya, nimehamia stoo. Vumbi tupu. Mapacha. Waliokufa. Mmoja aliyezaliwa njiani kutoka Subukia. Waliovunjika, hakuna.

Ijumaa, 9 Machi

Nimempata mmoja. Miaka miwili iliyopita. Paja limevunjika, akafa siku ya tano. Jina la mama: Nekesa.

Nilikimbia nalo nikidhani litamwokoa. Sista akasema, "Wawili! Mama mmoja!" Daktari amekwenda Naivasha hadi Jumatatu. Sista ameandika barua kwa polisi. Itapelekwa Jumatatu hiyo hiyo.

Nimemchimbia shimo.

Jumapili, 11 Machi

Kanisani sikuweza kuimba. Nyumba yetu ya reli ni chumba kimoja, tuko saba. Hakuna pa kulia. Nililia chooni mpaka watu wakagonga.

Jumatatu, 12 Machi

Nimemwambia Daktari. Akasema rudia.

Hakunikaripia. Alileta fulana ya mtoto, akaniambia nionyeshe nilivyofanya. Nikaonyesha, juu ya kitambaa kilichokunjwa.

"Hivyo tu?"

Hivyo tu.

Akaondoka haraka. Akamfungua mtoto macho dirishani. Pale penye weupe pana rangi ya buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji; ni dalili ya ugonjwa ule, akasema. Mchana wakampiga picha ya mifupa. Mbavu tatu na paja vimewahi kuvunjika, vikaunga vyenyewe. Daktari anasema mtoto wa siku kumi hana muda huo. Alivunjika angali tumboni.

Barua ya Sista imechanwa. Nimeagizwa kusahihisha daftari: umevunjika. Sista alisimama nyuma yangu, akauliza tofauti ni nini. Nikafunga daftari.

Mbavu si mimi. Mkono ni mimi.

Jumatano, 14 Machi

Nekesa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto analazwa juu ya mto, na anabebwa pamoja na mto wake. Kumfunga mgongoni, marufuku. Daktari hakuahidi kwamba ataishi.

Nilimbebea kikapu hadi langoni. Hapo nikamwambia.

"Nilisikia mkono ukivunjika, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa macho."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akarekebisha shuka la mtoto kwanza.

"Yule wa kwanza alivunjikia mikononi mwangu. Ningekutaja kwa mdomo gani?"

Kisha akaniomba neno moja: nisimwambie mtu. Nyumbani atasema mkono uliumia wakati wa kuzaliwa. Mama mkwe wake akijua kwamba watoto wote wawili walikuwa na mifupa hiyo, atasema ni ukoo wa Nekesa, naye atarudishwa kwao. Mama mkwe huyo anasali na mama yangu.

Nimekubali. Mama ameuliza leo kwa nini nimenyamaza, nikasema nimechoka.

Wewe unayesoma hapa, kama utakuwepo, tafadhali nawe usimwambie mtu.