Maji ya Limau kwenye Sufuria ya Bibi

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mwalimu wa kisomo kasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Haya.
Mwanangu Zamda bado yuko arobaini. Kichanga kinanyonya vizuri, mashallah. Lakini leo kliniki, Dionis, daktari msaidizi, kampima presha, uso ukamkunjamana. Damu inapanda, kasema, na mwili umezidi. Samli aache. Aache! Mzazi asile samli, nguvu atazitoa wapi? Na maziwa? Nimeitikia tu, ndiyo daktari. Mpaka nafika nyumbani Kanyenye bado nabishana naye moyoni.

Jumanne, 4 Juni
Mdogo wangu Kuluthumu kaja na habari za redio. Ati wataalamu wanachunguza maganda ya malimau na machungwa, yana kitu cha kuusaidia mwili kuunguza mafuta. Nikamwambia, kwani sisi hatujui? Limau linakata mafuta, ndiyo maana tunalikamulia kwenye supu.
"Basi dada, mpe samli, mpe na limau. Daktari afurahi, na bibi huko kaburini afurahi."
Tumecheka! Siku nyingi sijacheka.
Nimechemsha maganda na maji yake kwenye sufuria ya shaba ya bibi, ile aliyonunua kwa watu wa msafara. Haitoki ila kwa ajili ya wazazi wa arobaini. Yamelala humo humo, yakolee.

Jumatano, 5 Juni
Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Zamda kasema yana ladha ya msumari. Nikamwambia, deka mwanangu, deka, arobaini ikiisha nani atakudekeza? Samli kala.
Nikapita kwa Dionis kumwuliza habari za redio. Kweli wanachunguza, kasema, lakini waliolishwa ni panya, tena unga wa maganda uliopimwa. Kwa watu ushahidi bado mdogo. "Na hata ukithibitika, mama, limau halifuti samli ya jana."
Panya! Nimesema ahsante nikaondoka. Kuluthumu kaniambia Dionis hajazaa, anajua nini.

Alhamisi, 6 Juni
Zamda katapika. Nikafurahi — Mungu anisamehe — nikadhani ni mafuta yanatoka. Kuluthumu naye: "Unaona? Yanakatika!"
Nikampa kikombe kingine.

Ijumaa, 7 Juni
Tumbo linamsokota. Katapika majimaji ya kijani. Macho yamezama. Kichanga kinalia, mama yake hawezi hata kukibeba.
Tumempeleka hospitali kwa pikapu ya jirani. Mumewe Mabruki yuko Goweko, anauza kwenye duka la kijiji cha ujamaa. Nimemtumia salamu kwa mtu wa treni.
Muuguzi kauliza, kala nini, kanywa nini? Nikasema wali, samli, maji ya limau. Limau tu.
Kaandika.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudi nyumbani kuchukua khanga na nepi. Nikamwaga maji yaliyobaki kwenye sufuria, nikaisuuza.
Ndani inang'aa. Nyekundu kama senti tano mpya! Ule utando mweupe wa bati umekwenda wapi? Bibi alikuwa akiitia bati ndani kila mwaka, fundi akipita. Fundi hapiti tena, na mimi sikumtafuta. Na bibi hakutia kichachu humo, hata nyanya. Nilidhani ni mwiko tu wa wazee. Pembeni, chini ya mdomo wa sufuria, kuna kutu ya kijani. Kijani kile kile cha matapishi.
Limau limekula shaba, na mwanangu kainywa. Kwa mkono wangu.

Sasa niko kwenye benchi la lango la hospitali. Sufuria nimeifunga kwa khanga, iko mapajani. Askari wa lango kasema, "Mama, chakula mpaka saa kumi."
Nikamwambia si chakula.
"Ni nini basi?"
Kuluthumu ananivuta nguo. Ananong'ona, "Dada, nyamaza, watakufunga. Mkwe akisikia je? Wewe ulishasema limau, acha iwe limau."
Ndani wanampa dawa ya nini, kama wanajua limau tu?
Askari bado anaitazama khanga. Yule muuguzi wa jana anakatiza uani. Nimemwita, aione sufuria. Kageuka. Fundo hili la khanga nililikaza mwenyewe, na sasa halifunguki —