Kaburi Tupu la Bodo

Jumatatu, 19 Novemba 1979

Mawe mengine yamefika. Nusu yamevunjika njiani. Nimemtukana dereva wa trekta, naye akanitukana vizuri zaidi yangu. Nimemheshimu.

Kazi hii ni yangu. Chifu mwenyewe kanichagua mimi, Salimu, fundi kijana kuliko wote kutoka Bodo hadi Msambweni. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha. (Yeye husema vingine.) Sasa ninajenga kaburi la Mzee, rais wetu wa kwanza. Si lile lenyewe. Lile liko Nairobi, na Mzee amelala humo tangu mwaka jana. Chifu anataka mfano wake hapa uwanjani, ili wazee wasioiweza safari wapate mahali pa kumkumbuka Baba wa Taifa. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, atakuja kulifungua sikukuu ya Jamhuri.

Ramani yangu ni picha ya kalenda iliyobandikwa dukani. Inaonyesha mbele tu. Nyuma nitabuni. Nani wa Bodo atakayebisha?

Jumanne, 20 Novemba

Nimeanza kuchimba. Msaidizi wangu Nyamawi, Mduruma wa Kinango, mrefu kama mnazi na mbishi kama punda, akashika kiuno. Eti Chifu alisema kaburi la kutazamwa, si la kuzikia. Tupange mawe juu ya ardhi, tupige chokaa, basi.

Nikamwuliza, umeona wapi kaburi lisilo na shimo? Hilo ni sanduku. Mimi nimefundishwa kazi na wajenzi wa makaburi. Kaburi huanzia chini. Shimo, kisha mwanandani, ile nafasi ya pembeni anamolazwa maiti, ndipo yaje mawe ya juu. Njia nyingine siijui na sitaki kuijua.

"Utajua wewe na shimo lako," akasema. Lakini alichimba.

Jumatano, 21 Novemba

Shimo linataka kipimo. Kwetu maiti hupimwa kwa kijiti, kijiti kikaenda kwa wachimbaji. Mzee siwezi kumpima. Nyamawi ana kimo kizuri, nikamwambia lala chini hapo. Akaruka kama aliyekanyaga miba. "Nipime suruali! Kaburi hunipimi!" Jitu zima.

Jioni nikamsimulia Bibi, akacheka mpaka akakohoa. Bibi ndiye aliyenilea. Huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, na tukigombana hudai talaka. Akajinyoosha mkekani, mikono ubavuni. "Nipime mimi, mume wangu. Siogopi kijiti. Kisha uongeze shubiri, Mzee alikuwa mtu wa mwili."

Nikampima, nikakata kijiti. Baadaye nikakisimulia kisa chote barazani. Watu walivunjika mbavu. Nikitaka naweza kuacha ufundi nikaishi kwa kuchekesha.

Jumamosi, 24 Novemba

Shimo tayari. Kuta zimenyooka, ungedhani nimekata halua. Mwanandani nimeuelekeza kibla, kwa mazoea ya mkono tu. Nimekumbuka baadaye kwamba Mzee hakuwa Mwislamu. Nikamwuliza Nyamawi tufanyeje. Akasema hayumo, hatalalamika.

Watu wamekuja kutazama. Wengi wamesifu. Mama Riziki, jirani yetu muuza mahamri, akachungulia, akajifunga kanga vizuri, akauliza, "La nani hili?"

Nikasema la Mzee.

"Mzee kazikwa Nairobi. Nakuuliza hili, la nani?"

Nikashika pima maji, nikapima ukuta niliokwisha kuupima. Si kawaida yangu.

Jumatatu, 26 Novemba

Mstari wa kwanza wa mawe umekaa. Kipovu cha pima maji kimetulia katikati kama mtoto aliyeshiba.

Bibi hakuamka kunikemea asubuhi. Homa. Amesema ni uchovu. Mahamri hakuyagusa.

Jumanne, 27 Novemba

Homa imepanda. Anatetemeka chini ya kanga zote za sandukuni, na jua la kaskazi limeshaanza kuchoma.

Kijiji kizima kinasema jambo moja. Kaburi lililochimbwa halikai tupu. Humwita mtu, na humwita aliyepimwa. Nani kawapa habari za kijiti? Mimi. Mdomo huu huu. Leo nimepita barazani, hakuna aliyecheka. Wamenipisha njia kama mtu aliyebeba jeneza.

Mimi siamini mambo haya. Naandika hapa nijisome mwenyewe: siamini.

Alhamisi, 29 Novemba

Naamini kidogo.

Tumempeleka hospitali ya Msambweni kwa gari la samaki. Amelala juu ya mkeka akimkosoa dereva njia nzima, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitia baridi. Daktari kasema malaria. Kachoma sindano. Kasema mgonjwa ni mtu mzima sana, tungoje. Neno hilo nimelichukia.

Nyamawi ameacha kazi. Hakunitania wala hakunitukana. Ameweka karai chini, akaondoka.

Ijumaa, 30 Novemba

Baada ya sala wazee wamekaa. Dawa yake inajulikana, hata mimi naijua. Shimo lililochimbwa bure huzikwa mgomba. Unakatwa kwa kimo cha mtu, unashuka badala ya mtu, kwisha maneno.

Nikachukua panga mbio kuelekea migombani. Chifu akanikuta njiani, macho mekundu. "Mgomba? Ndani ya kaburi la Baba wa Taifa? Bwana D.O. akisikia tumemfanya Mzee mgomba, atakayezikwa ni mimi!" Akaninyang'anya panga mbele za watu. Sina hata haki ya kukasirika. Naye anaogopa chake.

Nikauliza, basi tujaze udongo? Wazee wakatikisa vichwa. Udongo peke yake haulidanganyi shimo. Lazima kishuke kitu kinachostahili kuzikwa.

Jumatatu, 3 Desemba

Bibi hafumbui macho vizuri. Nimemnong'oneza kwamba nataka talaka. Hakujibu.

Nimelia nyuma ya jiko la hospitali. Mpishi akaniona. Nikasema moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mimi niliyejenga mahoteli ya Diani! Sawa, nilibeba karai. Lakini nilikuwa nikirudi hapa najisifu, na mtu pekee aliyesadiki ni yeye. Akifa, watasema nilimpima akiwa hai nikamchimbia. Na watakuwa wamesema kweli.

Jumatano, 5 Desemba

Bibi kazungumza. Kwanza maji. Kisha akauliza kaburi limefika wapi. Nilitaka kumficha, lakini Mama Riziki, aliyekuwa kaleta uji, akamwaga yote: shimo, kijiti, mgomba, Chifu. Bibi akafumba macho. Nikadhani basi. Kumbe anafikiri.

"Linataka cha kuzikwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kizikeni kipande cha babu yako."

Nimerudi Bodo kwa miguu na lifti. Nimefungua sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kijisanduku cha bati chenye kamba: kipande chenyewe. Ndani mna karatasi ya serikali ya mkoloni, yenye alama za vidole vya babu na jina la mzungu aliyemwandika kazi kwenye mkonge. Nilikuwa sijakiona maishani. Wanaume walivishwa hivi shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukikutwa njiani huna, unalala ndani. Mwingereza alipokiondoa, babu aliogopa kukitupa, asije akabadili nia. Akafa kabla ya Uhuru, kipande kikabaki kikimngoja sandukuni.

Bibi alisema hivi, na naandika kama alivyosema: "Babu yako alikufa, hicho hakikufa. Kama Mzee ana kaburi hapa Bodo, na kilale humo."

Kesho naenda kwa Chifu. Akikataa nitakizika hata akinifunga.

Ijumaa, 7 Desemba

Hakukataa.

Jana nilimwekea kile kibati mezani. Alikiangalia muda mrefu. Hakukishika. Kisha akaingia ndani kwake na mimi nikasimama uani kama mdaiwa, nikijua anamwita askari. Akatoka na kibati kingine, kamba imeoza. Cha baba yake. "Changu hiki kitangulie," akasema, kisha akajirekebisha: "Hapana. Cha babu yako. Wewe ndiwe mwenye mgonjwa."

Habari ikatembea. Leo alasiri wamekuja watu kutoka pande zote, hata Kibuyuni. Wajane zaidi. Vibati vimekunjwa katika ncha za kanga, vingine vina kutu, kimoja hakina karatasi ndani, mwenyewe aliitafuna mbele ya karani akafungwa. Mwanawe anakisimulia kisa hicho kwa fahari kama mtoto wa mfalme.

Mwalimu wa chuo cha Kurani kasema wazi: hapa hakuna sala wala talakini ya kumsomea maiti, bati haliswaliwi. Kisha akavua viatu, akasimama pamoja nasi.

Nimeshuka shimoni. Desturi hutaka wawili wa kupokea, nikatazama juu, sikuona wa kuniunga. Ndipo likashuka guu refu. Nyamawi. Ana kibati cha baba yake, kakifuata Kinango.

"Kichwa chake kielekee wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini, uso mkavu.

"Hakina kichwa, mpumbavu wewe."

Tukaanza kucheka mle mle shimoni, tumeinama ili watu wasione. Nadhani waliona mabega. Tumevilaza katika mwanandani kimoja kimoja, cha babu mwanzo. Tumeziba kwa mbao, kila mtu akatupa udongo. Wanawake nao wakatupa kwa mikono, hakuna aliyewakataza.

Jumapili, 9 Desemba

Homa imeshuka. Bibi ameketi kitandani.

Daktari anasema sindano. Mama Riziki anasema kipande. Nimewakubalia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Jana mimi na Nyamawi tulimaliza mawe ya juu, na leo tumepiga chokaa tangu alfajiri. Nyuma, pasipoonekana kwenye kalenda, nimetia nakshi ya maua niliyoiona hoteli moja ya Diani. Nyamawi anasema inafanana na vibuyu. Mwache.

Jumatano, 12 Desemba

Jamhuri. Bendera, watoto wa shule, biriani. Chokaa inaumiza macho kwa weupe. Kaburi langu ni zuri. Nimejaribu kulionea kasoro ili nionekane mnyenyekevu, nimeshindwa.

Bwana D.O. ni mtu wa bara, mpole kuliko Chifu alivyotutisha. Akalizunguka. Akafika nyuma kwenye vibuyu, namaanisha maua, akasimama. Akasema ameliona la Nairobi, na halifanani na hili.

"Basi la Nairobi limekosewa, bwana," nikasema. Chifu alinikanyaga. Lakini mgeni alicheka.

Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, kama ndani mna kitu au ni mawe matupu. Chifu akaanza kukohoa. Mimi, wa maneno mengi, nikainama kufuta vumbi kwenye nakshi. Aliyejibu ni bi kizee mmoja wa Kibuyuni, mmoja wa wale wajane. "Mna vipande vya waume zetu, baba. Tumevizika."

Bwana D.O. akarudisha macho kwenye kaburi. Akavua kofia yake. Akauliza kama nafasi imebaki, kwa sababu nyumbani kwao, sandukuni kwa mama yake, kipo cha baba yake pia.

Tulimwambia tumeshaziba. Nyamawi akasema fundi wetu anajua kuchimba, hana jingine analojua. Watu walicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza hadharani tangu mwezi uliopita.

Nilikuwa nikiangalia umati nikimtafuta Bibi, nikijua yuko Msambweni.

Alhamisi, 13 Desemba

Ameruhusiwa. Nimemleta kwa gari lile lile la samaki. Tulipopita uwanjani alimwomba dereva apunguze mwendo, akalitazama kaburi, kisha akampungia mkono aendelee. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa. Haidhuru.

Amekonda. Mkono wake mwepesi kama jani la mchicha. Amekunywa uji nusu, akasema hauna chumvi. Amekataa kulala ndani.

Nimelala mchana, usingizi mzito, ambao sikuupata wiki zote hizi. Nimeamshwa na sauti yake uani. Anagombana na kuku.